Miwani ya Mapasa

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema hilo mapema ili nisije nikaonekana mtu mwema kuliko nilivyo. Nilifundisha darasa la pili miaka mingi hapa Kamina, na mwalimu wa darasa la pili huzoea kuwa na haki: akisema saba na tano ni kumi na mbili, hakuna wa kumbishia. Basi nilipoacha shule nikachukuliwa kwenye utafiti wa watoto wachanga pale lopitali, hospitali yetu, nilikwenda na haki yangu yote, na kalamu mbili.

Utafiti wenyewe ulifuata watoto waliozaliwa kwa taabu: waliochelewa kulia, waliopata degedege siku za kwanza, waliolegea shingo na mikono. Tuliwafuata mpaka watimize mwaka na nusu, tuone ubongo wao unakua namna gani. Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido ya uzazi, na mali yetu yote ilikuwa mkeka, tochi, kengele ndogo na kipira chekundu cha sufu kilichofungwa uzi. Daktari wetu alikuwa mama mfupi mwenye kicheko kilichosikika mpaka famasi. Alinifundisha kupitisha kipira polepole mbele ya uso wa mtoto, na kutazama kama macho yanakifuata.

“Kama hafuate, usiandike ati mutoto haina akili,” aliniambia. “Uliza kwanza: ni jicho, ao ni ubongo? Jicho inapokea tu. Ubongo njo inaona. Na ubongo inajifunza kuona mu miezi ya kwanza. Jicho yenye haitumike, ubongo inaisahau.”

Nililiandika hilo kwenye daftari langu kwa mwandiko mzuri, “njo” yake nikaigeuza “ndiyo”. Kazi yangu ilikuwa kumtembelea kila mtoto nyumbani kila baada ya wiki mbili, siku ile ile ya juma, na fomu ya maswali ya ndiyo na hapana. Fomu zangu hazikuwa na doa wala mkato. Daktari alizionyesha kwa wenzangu, na mimi nilijivuna, kwa nini nifiche?

Jumanne ndiyo iliyokuwa siku ya mapasa. Hivyo ndivyo tunavyowaita mapacha kwetu. Walikuwa wasichana wawili waliofanana mpaka kwenye kucha. Wa kwanza alizaliwa akipiga kelele, hana neno. Wa pili alichelewa kulia, akapata degedege siku ya tatu, na kwa sababu hiyo yeye peke yake akaingia katika utafiti wetu. Baba yao, askari wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina, alikuwa ametumwa mbali. Mama yao alikuwa msichana mpole, anayejibu kwa kutikisa kichwa. Mwenye nyumba hasa alikuwa kambo, yaani bibi yao, aliyetoka Kabongo na kuku wawili na mikeka miwili, kuja kuhakikisha kwamba mapasa wanalelewa kama mapasa.

Siku ya kwanza nilipobisha hodi, kambo alinipokea kwa wimbo. Nyumba ya mapasa kwetu Waluba ina nyimbo zake, na nyimbo hizo zina matusi, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Kambo aliimba juu ya miguu yangu. Kisha akapanda juu kidogo, akaimba juu ya makalio yangu, na majirani wakaitikia kwa furaha. Mimi ni binti wa nyumba ya Kimethodisti, kwetu tuliimba nyimbo za kitabu tu. Nilisimama pale na fomu kifuani, nikitabasamu kwa meno, na ndani nikichemka. Kambo alipochoka akanipa kiti na karanga.

Wale watoto walipofika miezi minne, daktari alimlaza wa pili mkekani, akamulika macho yake kwa tochi. Akamulika tena. Kisha akaniita nione: mboni ya jicho la kulia ilikuwa nyeusi, safi, ya kushoto ilikuwa nyeupe kama maziwa. Ni mtoto wa jicho, akasema, na cha ajabu daktari alikuwa anacheka. Shingo ilikuwa imara, mikono inashika, mtoto anatabasamu akitabasamiwa. Ubongo tulioogopa kwa miezi minne ulikuwa mzima. Kilichokuwa kibaya ni kidirisha tu, na kidirisha kinasafishwa.

Daktari wa macho alifika kutoka Lubumbashi, mtoto akapasuliwa. Kambo alikaa nje ya mlango na yule mzima mapajani, akidai huyo naye apewe kitanda. Muuguzi akakataa, kambo akasimama pale mlangoni, muuguzi akachoka. Mapasa wakalala kitanda kimoja, mmoja na bendeji, mmoja na maziwa. Tulicheka sana siku ile. Ningekuwa na akili ningetazama vizuri zaidi, badala ya kucheka.

Baada ya upasuaji, mtoto alipewa miwani yenye kioo kinene upande wa kushoto, ya kufunga kwa mpira nyuma ya kichwa, avae kutwa. Tena kila siku, kwa saa mbili, jicho zima la kulia lizibwe kwa plasta, ili lile la kushoto lilazimike kufanya kazi. Daktari alimweleza mama na kambo mara tatu, bila kicheko.

“Tuko na miezi kidogo tu,” alisema. “Hii miezi ikipita, jicho itakuwa muzima na haitaona kitu. Na hakuna operasio ya kuirudisha.”

Mama aliitikia kwa kichwa. Kambo akasema, “Tumesikia, munganga.”

Nikaanza Jumanne zangu. Kila nilipofika nilimkuta mtoto amekaa mkekani, miwani usoni, plasta jichoni. Fomu iliuliza: mtoto amevaa miwani? Ndiyo. Plasta imewekwa? Ndiyo. Nikimwonyesha kipira chekundu, yule mtoto aliinamisha kichwa, akachungulia juu ya miwani kama mkubwa wa shule anayemtazama mzazi aliyechelewa, kisha akakinyakua. Nilimpenda kwa hilo. Mwenzake alikuwa pembeni, mgongoni kwa mama, kimya. Pahali ambapo fomu haikuomba maneno, mimi niliongeza kwa mwandiko wangu mzuri: “Anaona vizuri sana.” Niliandika hivyo Jumanne moja, na nyingine, na nyingine, kwa miezi mitatu.

Halafu ikafika siku ya kupimwa lopitali, nayo ilikuwa Jumanne yangu. Daktari alilimulika jicho lililopasuliwa, akamvalisha mtoto miwani aliyoitoa mama kwenye kitenge, akaziba jicho la kulia kwa kiganja. Mtoto alipiga kelele ambayo sijaisahau. Alirusha miguu, akakivuta kile kiganja kwa mikono miwili. Kipira kilipita mbele yake mara tano. Angeweza kuwa anatazama ukuta. Daktari alipoondoa kiganja, akatulia hapo hapo.

“Ulimushtua, dokta,” nikasema. “Nyumbani anashika kila kitu!”

Daktari aliinuka. Alileta fomu zangu zote, akazipanga mezani, moja kando ya nyingine.

“Karatasi inasema anaona,” akasema. “Mutoto anasema haone. Nani anadanganya?”

Masikio yaliniwaka. Miaka yote ile hakuna aliyeniita mwongo, hata mkaguzi wa shule. Nilitoka bila kuaga, na kesho yake, Jumatano, siku isiyo yangu, nilipanda pikipiki asubuhi na mapema kwenda kuleta ushahidi.

Kambo alikuwa anachambua maharagwe mlangoni. Mapasa wote wawili walikuwa mkekani. Yule mwenye miwani na plasta alikuwa analia na kujisugua uso. Nikamwonyesha kipira: hana habari. Nikakileta karibu mpaka kikamgusa pua, akashtuka. Mara yule mwingine, asiye na miwani, akaniona, akainamisha kichwa akanichungulia kama mkubwa wa shule, akatambaa, akanyang'anya kipira.

Nilichuchumaa mbele yake. Kichwa kile nilikijua.

“Kambo,” nikasema, “mtoto ninayemkutaga na miwani kila Jumanne ni yupi?”

“Njo huyu.” Akanionyesha yule mwenye kipira.

“Na huyu mwenye miwani leo?”

“Huyu njo ya operasio. Leo iko siku yake. Jana ilikuwa ya mwenzake, kesho itakuwa ya mwenzake.” Alinitazama kwa huruma, kama mtu asiyejua jambo la wazi. “Mapasa hatuvalishe moya tu.”

Nilifanya hesabu nimesimama. Miwani ilikwenda kwa zamu, siku kwa siku. Mimi nilikuja kila baada ya siku kumi na nne, na kumi na nne inagawanyika kwa mbili. Kwa hiyo siku zote nilikuta zamu ya mtoto mzima. Mimi, mwalimu wa hesabu! Yule maskini alikuwa anachungulia juu ya miwani kwa sababu kupitia kile kioo kinene alikuwa haoni kitu, na mimi nikaandika anaona vizuri sana. Na jicho la mwenzake, lililohitaji kila siku, lilikuwa limepata nusu tu ya siku zake.

Nikapasuka. Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nilimwambia kambo kwamba anampofusha mtoto kwa mambo ya zamani, kwamba tuko katika wakati wa leo, kwamba nani alimruhusu.

“Haukuuliza,” akasema kambo. “Unaulizaka, ‘Mutoto alivaa?’ Alivaa.”

Hilo lilikuwa kweli tupu. Nikaendelea kufoka hata hivyo, kwa kuwa mtu mwenye hasira za karibu hajui kusimama. Kambo aliweka chini ungo wa maharagwe.

“Minyi pia nilizala mapasa,” akasema. “Kitambaa haikutosha. Nilishonea moya nguo, nikaambia mwingine angojee. Hakungojea. Haikupita juma. Huyu mama unaona hapa, njo ule alibakia. Weye unalilia jicho. Minyi ninalilia mutoto.”

Mama yao alikuwa amesimama nyuma yake, machozi yanamtiririka. Mimi nilikaa chini pale mchangani na sketi yangu nzuri. Niliona haya, haya ya kweli, siyo ya meno. Nyumba hii nilikuwa nimeiingia miezi mingi na maswali ya ndiyo na hapana, na sikuwahi kuuliza swali moja la maana.

Nilirudi kwa daktari, nikamweleza yote bila kujitetea. Hakucheka. Alichukua kalamu nyekundu, akapiga mstari kwenye kila fomu yangu tangu siku ya upasuaji. Kwa utafiti, akasema, habari za jicho la mtoto huyu zimeharibika, haziwezi kutumika tena. Nilidhani linalofuata ni kunifukuza.

“Kwa etidi, utafiti wetu, iliisha,” akasema. “Kwa jicho, tungali na miezi mbili, labda tatu. Enda.” Kisha akaniwekea tochi mkononi. “Kwanza tochi. Kalamu nyuma.”

Kazi iliyobaki ilikuwa kufanya mapatano na kambo. Kwanza nilimpelekea miwani isiyo na vioo kwa ajili ya yule mzima. Kambo akapitisha kidole upande huu kikatokea upande ule. “Mapasa siyo bajinga,” akasema, akanirudishia. Nikaenda kwa fundi wa miwani sokoni, akakata plastiki safi, akaitia. Kambo akaikubali miwani. Ikabaki plasta. Yeye alitaka plasta mbili, wakati mmoja, jicho lile lile. Nikamwambia jicho la mtoto mzima likizibwe kila siku, tutakuwa na watoto wawili wagonjwa. Akafikiri. Nikamuuliza, je, wanachotaka mapasa ni jicho kuzibwa, au ni kupewa plasta?

Kambo aliomba plasta moja, akaibandika kwenye paji la uso wake mwenyewe. Akatembea nayo uani, akapika nayo bukari, ugali wetu, akasalimia nayo watu waliopita. Jioni yake akatoa hukumu.

“Plasta iko plasta,” akasema. “Lakini kwa wakati moya. Na huyu wa operasio asianze yeye tu kila siku.”

“Tutawabandika pamoja,” nikasema. “Weye mukono moja, minyi mukono moja.”

“Wafwako,” akasema, yaani asante, na kwa mara ya kwanza aliniita mwanangu.

Basi kila asubuhi kabla ya kazi nilipita pale, nikimulika macho kwanza, ndipo tunabandika: tatu, mbili, moja, mmoja jichoni, mmoja kwenye paji. Yule mzima aliipenda sana plasta yake, na mara nyingi aliibandua akaitafuna. Yule mwingine alilia saa zote mbili. Kambo alitunga wimbo wa kuitukana plasta, mama akajifunza kuuitikia, na mimi, Mungu anisamehe, nilitunga ubeti wa tatu, wenye neno ambalo darasa la pili hawajawahi kulisikia kinywani mwangu. Mama yule mpole alicheka mpaka akashika ukuta. Zilikuwa asubuhi nzuri. Lakini kila nilipopanda pikipiki kurudi, nilihesabu siku zilizobaki.

Baada ya majuma kadhaa kilio kilipungua. Siku moja alikaa na plasta yake kimya, akigeuza uso kuelekea mlango uliokuwa wazi. Kambo akasema anaona. Mimi nikasema anaona mwanga tu, huenda. Sikuandika kitu.

Walipokaribia mwaka mmoja, tuliitwa lopitali kwa kipimo cha mwisho cha jicho. Daktari alikuwa ameshaniambia mapema: kama leo jicho halifanyi kazi, hatutamtesa mtoto tena kwa plasta. Tulikaa wote chini kuzunguka mkeka, daktari, mama, kambo na yule mzima mapajani mwake, na mimi. Daktari akaziba jicho la kulia kwa plasta, miwani ikabaki usoni. Mtoto hakulia. Nikashusha pumzi.

Kipira chekundu kikapita. Mtoto hakugeuka. Kikapita tena, polepole, karibu, na yeye alikuwa anashika vidole vya miguu yake. Daktari akaweka punje ya mchele mbele yake. Akaweka ya pili. Akatikisa kidoli kisicho na sauti, kulia, kushoto. Hakuna kitu. Mama aliinamisha uso kwenye kitenge chake. Daktari akakirudisha kipira kwenye sanduku, akachukua kalamu, na nilijua atakachoandika, maana mwandiko wa hapana naujua hata ukiwa umepinduliwa. Nilitaka kusema subiri, lakini sikuwa na sababu ya kumpa.

Hapo sisimizi mmoja akapanda kwenye mkeka. Alikuwa mdogo, mweusi, anakwenda zake kando ya goti la mtoto. Mtoto aliacha vidole vya miguu. Akainama. Sisimizi akakata kushoto, kichwa cha mtoto kikakata kushoto. Sisimizi akasimama, naye akangoja. Kisha mtoto akanyoosha mkono, akaunganisha kidole gumba na cha shahada, taratibu, kwa usahihi ambao mimi sinao nikitia uzi kwenye sindano, akamwinua yule sisimizi, akamtia kinywani.

“Anakula kidudu!” mama akapiga kelele, akajitupa mbele. Daktari akamdaka mkono.

“Acha! Mama, acha! Alimuona!” Na kile kicheko chake kikatoka, nacho nusu kilikuwa kilio. “Alimuona na ile jicho ya operasio!”

Kambo alishika mdomo kwa mikono miwili. Mimi nililia wazi wazi, kamasi na machozi, mbele ya wauguzi waliokuja mbio kutazama nani amekufa. Yule mtoto alitutazama mmoja mmoja kwa jicho lake la kushoto, akashangaa, pengine alikuwa amechoka na kile kipira muda mrefu tu na hakuna aliyemuuliza.

“Na ile jicho?” mama akauliza. Alikuwa haamini.

“Na ile jicho,” daktari akasema.

Mama akamchukua, akamkalisha mapajani, akamfungua kinywa kwa kidole, huku analia na kucheka, akimtafuta yule sisimizi chini ya ulimi na kwenye mashavu. Hakumpata. Mtoto alikuwa ameshammeza.